Kilima Kisichofuka Moshi

Gitega, 9 Juni 2022

Impeshi, kiangazi chetu, imeanza. Tangu juzi hakuna wingu, na vumbi la barabara limeshaingia hadi kwenye sukari. Leo daktari alinichorea moyo wangu nyuma ya karatasi ya dawa: mfuko mkubwa uliolegea. Nimechora ramani na majengo kwa miaka arobaini, kwa hiyo niliielewa picha kabla hajamaliza kuieleza. Nilimuuliza nimebakiza miezi mingapi. Akanishauri nipunguze chumvi.

Naitwa Longino. Nina miaka sabini na sita. Nilizaliwa Mutaho, nikaishi Tanzania miaka thelathini na saba kama mkimbizi, nikarudi na binti yangu Theodosia, ambaye ni mwalimu hapa Gitega na ndiye anayenitunza. Nimenunua daftari hili kwa sababu kuna neno moja niliandika ujanani, nami nataka lifutwe kabla sijafa. Leo sina nguvu ya kulitaja.

11 Juni

Nimelala.

14 Juni

Amekuja mgeni kutoka Muyinga, Bwana Ignasi, msimamizi wa hifadhi ya Nyagatovu. Ni ile nchi kavu ya miiba na udongo mwekundu upande wa Gasorwe ambayo wenyeji wanaiita jangwa, ingawa hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuona jangwa. Anataka mnara wa kutazamia. Wageni wapande, wawaone nyati na pongo wakishuka kwenye bwawa la pekee linalobaki na maji wakati wa kiangazi. Alisikia kwamba kule Tanzania niliwahi kuchora minara ya kulinda misitu dhidi ya moto.

"Mushingantahe," aliniambia, na kwa neno hilo kwetu huitwa mtu ambaye ukweli wake unatosha kumaliza ugomvi wa watu, "tungeweza kumtafuta kijana. Lakini ramani ya mpaka wa hifadhi, ya mwaka 1971, ina jina lako chini. Nani anakijua kilima kile kuliko wewe?"

Akaikunjua mezani. Mwandiko wangu wa nilipokuwa na miaka ishirini na mitano, umesimama wima kama askari. Na juu ya kilima cha Nyagatovu, kwa Kifaransa, neno langu: Hapakaliwi.

"Baba, huwezi kupanda hata ngazi za kanisa," Theodosia alisema mgeni alipoondoka.

Nilikuwa nimeshamkubalia.

17 Juni

Nitaandika ilivyokuwa.

Ofisi ilinituma nipime mpaka wa hifadhi mpya na kuhesabu nyumba ndani yake. Vilima vilikuwa vingi na sisi tulikuwa wachache, kwa hiyo tulikuwa na njia yetu: unalala kwenye kilima cha pili, unaamka kabla ya jua, unahesabu moshi. Kila moshi ni jiko, kila jiko ni nyumba. Alfajiri tatu, kisha unaandika. Nilitazama Nyagatovu, sikuona moshi. Nikaandika neno lile. Kumbe kulikuwa na nyumba tatu za ndugu. Mwezi wa kumi walipewa majuma mawili wahame.

Hilo ndilo kosa langu. Nilikosea.

18 Juni

Nimeisoma ya jana. Nilitazama alfajiri mbili, si tatu.

20 Juni

Kosa hilo lina mtu. Anaitwa Josephat. Alikuwa na miaka sita walipoondolewa Nyagatovu. Mwaka uliofuata nchi ilichafuka, sote tukavuka kwenda Tanzania, na Mungu, ambaye ana mizaha yake, akaniweka jirani naye katika makazi ya wakimbizi. Akakua mbele yangu. Alinijengea paa. Mke wangu Letisia alipofariki, ni yeye aliyechimba kaburi, akakataa kupokezana jembe na mtu.

Jioni moja, akiwa kijana, alinisimulia mlangoni kwangu jinsi walivyofukuzwa. "Kuna mpumbavu mmoja aliandika kwamba kwetu hakuna watu," alisema. "Sijui alitutafuta kwa macho au kwa kisogo." Akacheka. Nami nikacheka naye.

Sasa amerudi, amepanga chumba na shamba la watu huko Gasorwe. Ameomba arudishiwe kilima chao, au angalau sehemu yenye kaburi la baba yake. Kamati ya mipaka itakaa tarehe 6 Septemba, na siku hiyo ramani itafunguliwa mbele ya wote. Josephat hajawahi kuiona. Hata ungamo langu, basi, lina fimbo nyuma yake.

Muyinga, 2 Julai

Tumefika kwa njia ya Karuzi. Theodosia yuko likizo, amekuja nami. Tumefikia kwa Mustafa, fundi wa kuchomelea vyuma, atakayejenga mnara. Mkewe Salima ametupa chumba cha mbele na mto wa pili. Miguu imevimba.

6 Julai

Leo nimechora mara nne. Mita kumi na mbili, majukwaa mawili, ngazi ya kukunja kona badala ya ile ya kupanda wima, maana mzee naye ana haki ya kuona nyati. Uso wa jukwaa uelekee magharibi, asubuhi jua liwe mgongoni mwa mtazamaji. Mustafa aliuinamia mchoro muda mrefu.

"Mzee, usinikasirikie. Hii mnara iko na miguu kama ya korongo. Upepo ya huku haina adabu, itaiangusha siku ileile ya kufungua, mbele ya wakubwa, et puis watasema ni Mustafa."

"Nitaongeza vyuma vya mshazari."

"Ongeza. Na nguzo ya miti tusitie. Mchwa ya jangwani inakula hata viatu. Mi nilisahau sandali huko, nikakuta kamba."

Nilicheka, kifua kikauma. Watu wanaojua kazi yao wananipumzisha.

10 Julai

Upepo.

15 Julai

Ili kuchagua mahali pa mnara, Mustafa alisimamisha mlingoti mrefu wenye shuka jeupe la Salima kwenye kila kilima, nami nikakaa chini karibu na bwawa na darubini. Panapoonekana shuka, ndipo mtu wa juu ataliona bwawa. Kutoka kilima kidogo cha Gasenyi inaonekana nusu ya bwawa. Kutoka Nyagatovu linaonekana lote, na njia zote za wanyama.

"Voilà," alisema Ignasi. "Kilima chenyewe kimejichagua. Tuchimbe msingi mwezi wa nane."

Nilimuuliza itakuwaje kama kamati itamsikiliza mwenye dai.

"Mushingantahe, hata wakisema mchoraji alikosea, kosa la mchoraji halifuti mpaka wa miaka hamsini. Labda ithibitike kwamba alijua kuna watu na bado akaandika hakuna. Hapo faili lote ni uongo tangu mwanzo. Lakini nani atathibitisha hilo leo?"

Ni mtu mpole. Alinishika mkono hadi kwenye gari.

19 Julai

Josephat amekuja kunisalimu kwa baiskeli kutoka Gasorwe. Ana mvi sasa. Alikaa chini ya dirisha, akaeleza dai lake kwa utaratibu kama mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani.

"Uzio wa miyenzi, ile minyaa ya ua wetu, bado upo, Baba. Nimeuona kutoka barabarani. Miyenzi haioti yenyewe kwa mstari. Wataniambia nini?"

"Watakwambia ramani."

"Basi nitawaambia walete aliyeichora, kama yu hai. Tumuulize."

Theodosia alileta chai. Nikamsogezea Josephat sukari.

25 Julai

Niliandika kwamba nilikosea. Ni uongo. Ngoja niandike tena.

Alfajiri ya kwanza sikuona moshi. Nikashangaa, kwa sababu niliona mashamba yamelimwa. Mchana akapita mama mmoja chini ya kilima changu, kapu la maharage kichwani. Nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema Nyagatovu, kuna msiba kwa Simoni. Kila Mrundi anajua maana yake: waliofiwa hawawashi jiko wala hawagusi jembe, majirani ndio wanaopeleka chakula, mpaka siku zitimie. Kilima kilikuwa kimejaa watu, na hakikuwa na moshi kwa sababu walikuwa wanaomboleza.

Nilijua hayo yote. Lakini sheria ya kazi ilisema mahali penye shaka upande kwa miguu, uhesabu. Ni kushuka bonde, kuvuka matope, kupanda, kuhesabu na kurudi, siku mbili nzima. Na Jumamosi ile wazee wetu walikuwa wanakwenda kumposa Letisia huko Mutaho. Pombe ilikuwa imeshaiva. Bwana harusi asipokuwepo, pombe ile inanywewa kwa aibu.

Nikaandika neno langu, nikafunga mfuko, nikatembea haraka.

28 Julai

Nimemsomea Theodosia ukurasa wa juzi. Alikuwa anapasi. Aliendelea kupasi hadi mwisho wa gauni.

"Kwa hiyo mimi nimezaliwa kwa sababu hukutaka kuvuka bonde," alisema.

"Ungezaliwa hata kama pombe ingechelewa."

"Basi hukuwa na sababu yoyote."

Sikuwa nimelifikiria hivyo kwa miaka hamsini na moja. Ni mwalimu mzuri.

"Utamwambia lini?" akauliza.

"Nitamwambia."

"Nimekuuliza lini, Baba."

3 Agosti

Moyo unakwenda kama baiskeli yenye mnyororo mlegevu. Hatukufanya lolote.

9 Agosti

Nimerudi, na nitaandika yote hata ikichukua siku tatu.

Ignasi alitaka niidhinishe mahali pa msingi kwa macho yangu. Siwezi kupanda. Mustafa akaleta ingobyi, ile machela ya kusukwa tunayobebea wagonjwa, na watu wanne wa kubeba: yeye mwenyewe, wanaume wawili majirani wa Gasorwe, na Josephat. Josephat ndiye aliyeomba. Alisema ataingia kwao mara ya kwanza tangu utotoni, na ataingia akiwa amembeba baba yake wa Tanzania.

Nililazwa chali. Kwa saa mbili niliona mbingu tupu na shingo ya Josephat.

"Huyu mzee iko mwepesi," alisema Mustafa. "Mi nimebeba mlango nzito kuliko yeye."

"Zamani tulibeba maharusi kwa hii," akasema mmoja wa nyuma. "Siku hizi wanapanda pikipiki, wanafika na vumbi kwenye meno."

"Mzee, utafika bila vumbi. Ukitaka tukuposee mtu huko juu, sema mapema."

Wakacheka wote, machela ikatikisika. Josephat aliwaambia wapunguze mzaha, Baba ana moyo mgonjwa. Kila walipopokezana mabega, yeye alikataa kupumzika.

Juu wakaniweka chini ya kivuli chembamba. Kweli, bwawa lote linaonekana. Mchoraji ndani yangu, mwenye haya kidogo kuliko mtu, akafurahi. Josephat alikuwa ameshakwenda kwenye mstari wa miyenzi, mirefu sasa kama nyumba, akawa anatembea kwa hatua za kuhesabu. Hapa mlango. Hapa kwa baba mdogo. Kisha akapiga magoti mahali penye mawe yaliyopangwa, akayafuta vumbi kwa kofia yake, moja moja.

Nilimwita. Akaja, kofia mkononi.

Nikamwambia. Nilimwambia kama nilivyoandika tarehe 25 Julai: moshi, mama mwenye kapu, msiba, bonde, pombe ya Letisia. Mustafa aliacha kupima. Wale wawili waligeukia upande mwingine, kama watu wanavyofanya mtu anapovua nguo.

Josephat alisikiliza akiwa amesimama. Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu.

"Kilima ulichokuwa, ni kile pale?"

"Ndiyo."

Akapima bonde kwa macho, akikadiria sauti inavyosafiri.

"Tulimlilia baba siku zile. Mama yangu Anisia alilia mpaka akapoteza sauti, na shangazi zangu wote. Kutoka pale, ulitusikia?"

Hapo ndipo mahali ambapo sikuwahi kufika hata kwenye daftari hili. Ningeweza kusema upepo ulikuwa mkali. Yeye mwenyewe angenisadiki.

"Niliwasikia," nikasema. "Nilikaa naandika, nawasikia. Sauti ya mtoto pia."

Akavaa kofia. Aliniangalia kama mtu anayesoma kibao cha njia. Kisha akageuka, akashuka kilima peke yake kwa upande wa mashariki, pasipo na njia.

Machela ya watu wanne haibebwi na watatu. Walijaribu. Ikabidi wapokezane, mmoja mbele akibeba pande zote mbili, na kila mita hamsini wakiniweka chini. Tulifika gizani. Hakuna aliyefanya mzaha.

10 Agosti

Siwezi kuinua mkono wa kushoto.

13 Agosti

Mustafa aliingia na kahawa, akakaa.

"Mzee, mi nilitaka kukufukuza. Salima akasema mgonjwa hafukuzwi. Donc uko hapa kwa sababu ya Salima."

"Nimeelewa, fundi."

"Lakini mnara nitajenga. Miguu sasa iko sawa."

15 Agosti

Sikukuu ya Bikira Maria. Theodosia amekwenda misa. Hakuna habari kutoka Gasorwe.

20 Agosti

Nimechora upya mnara kwa ajili ya Gasenyi. Kwa sababu kilima ni kifupi nimeongeza mita nne, na kwa sababu ya mita nne nimepanua miguu. Bado bwawa litaonekana theluthi mbili tu. Nimeandika pembeni: Mchoraji hapendekezi Nyagatovu, kwa kuwa panakaliwa.

Ignasi aliposoma, upole ulimtoka.

"Panakaliwa na nani? Na mawe?"

"Na mwenye kaburi."

"Mzee, nimewaahidi watu bwawa zima." Ni mara ya kwanza kuniita Mzee tu, na niliuhisi mzigo wa neno mushingantahe ukishuka mabegani mwangu.

Nimempa pia tamko langu, kurasa mbili, lenye sahihi. Alisoma akiwa amesimama. Nimtendee haki: alisema atalifikisha, lakini karatasi ya mtu asiyekuwepo kamati huiweka chini ya nyingine. Wanataka mtu wa kumuuliza.

27 Agosti

Theodosia hataki nisafiri hadi kwenye kamati. Daktari wa hapa hataki. Mimi pia, kusema kweli, sitaki. Nimeshasema. Je, haitoshi kusema mara moja? Nimechoka hata kujuta. Majuto nayo yanataka mwili wenye nguvu.

1 Septemba

Joto. Josephat hajaja, na ni haki yake.

5 Septemba

Nilimwambia Theodosia kwamba kesho sitakwenda. Hakunibishia. Hilo liliniumiza kuliko kama angebisha.

7 Septemba, Gasorwe

Jana asubuhi, kabla ya chai, niliamshwa na kelele uani kwa Mustafa. Josephat alikuwa amesimama na ingobyi begani, na nyuma yake wanaume saba wa Gasorwe ambao siwajui.

Theodosia alimkimbilia. "Kaka, ahsante, nilijua utamsa..."

"Sijamsamehe," alisema Josephat. "Nimekuja kumchukua shahidi wangu."

Wakanipandisha kwenye gari la mchanga la rafiki wa Mustafa, na mwisho wa barabara wakanibeba hadi uani palipokaa kamati. Josephat alibeba upande wa kichwa.

Walinikalisha kwenye kiti chenye mikono. Ramani ilifunguliwa. Mwenyekiti, mama wa makamo mwenye miwani, aliuliza kama ule ni mwandiko wangu. Ndiyo. Kama nilijua wakati ule kwamba Nyagatovu pana watu. Ndiyo. Nilijuaje?

Nilieleza habari ya mama mwenye kapu. Josephat alikuwa mstari wa mbele, mikono magotini. Hakunitazama, ila alikuwa anasubiri, na nilijua anasubiri nini.

"Na niliwasikia wakilia," nikasema.

Watu wa Gasorwe walikuwa wengi, na wengi ni waliorudi kama sisi. Ulipita mnong'ono kama upepo kwenye mahindi makavu. Bibi mmoja akatema mate chini. Mwenyekiti aliandika muda mrefu. Nilitumaini kwamba nitajisikia mwepesi. Nilisikia njaa tu, na mgongo.

Uamuzi: ushahidi umepokelewa. Msingi wa mnara usichimbwe Nyagatovu. Kamati itapanda kilima kupima uzio na kaburi, na itakaa mara ya pili tarehe 20 Oktoba. Siku hiyo shahidi lazima awepo athibitishe maneno yake mbele ya mwanasheria wa hifadhi. Asipokuwepo, ushahidi wake hautahesabiwa, na ramani itabaki ilivyo.

Mwenyekiti aliniangalia alipolisema hilo. Kila mtu aliniangalia. Uso wangu unasomeka bila miwani.

Sikuweza kupakiwa tena garini, nilizimia uani. Nimeamka kwenye kitanda cha Josephat. Yeye na mkewe Efrazia wamelala sebuleni juu ya mkeka, Theodosia pembeni yangu.

9 Septemba

Efrazia ananiogesha kama mtoto. Mustafa ametuma salamu: chuma za Gasenyi zimefika.

12 Septemba

Leo asubuhi nilikataa kula. Si kwa kiburi. Mwili ulikuwa umeshafunga duka, na nilihisi kwamba nikifumba macho vizuri, kazi itaisha bila maumivu. Nilimwambia Theodosia amwite padri. Akatoka akilia.

Aliyeingia hakuwa padri. Josephat alivuta kigoda, akakaa na bakuli la uji, akaukoroga kwa kijiko.

"Zimebaki siku thelathini na nane," alisema. "Nimezihesabu ukutani."

"Josephat, mimi nimekwisha."

"Bado. Ulikuwa na haraka mara moja, ukatuacha kilimani. Mara hii hutaondoka kabla ya wakati."

Akapuliza kijiko.

"Kama ni kwa ajili ya kaburi," nikasema, "niseme tena sasa, uandike, niweke kidole."

"Wanataka mtu. Wamesema mtu." Uji ukamwagika kwenye shuka, akaufuta kwa kiganja. "Sijakusamehe, na sijui kama nitakusamehe. Kunywa."

Nilifungua mdomo. Hauna sukari. Ni mzito, na kila mteremko wake kooni ni kazi ya kutwa.

Nimechoka kiasi ambacho sikujua mtu anaweza kuchoka na bado awe hai. Amesema atarudi saa sita na bakuli lingine. Nimemwomba Theodosia aniinue nikae.